Kwa Mpigo Mmoja

Mwaka 2009 ulituletea habari mbili ambazo sisi Wakenya tulizipokea kana kwamba hazijuani. Mwezi wa Juni, waya wa TEAMS uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah ulifika Mombasa. Mwezi uliofuata SEACOM nao ukawashwa. Halafu Oktoba, kule Stockholm, Charles Kao akatangazwa kuwa mmoja wa washindi wa Nobel ya fizikia kwa kazi aliyoifanya miaka ya sitini: kuonyesha kwamba uzi wa kioo, ukisafishwa vya kutosha, unaweza kubeba mwanga wenye ujumbe kwa masafa marefu. Habari ya Mombasa ilipigiwa ngoma na hotuba. Ya Stockholm ilipita kimyakimya. Lakini ni stori moja.

Kabla ya hapo Kenya iliongea na dunia kupitia setilaiti, na kama uliwahi kukaa cyber enzi zile unakumbuka picha ikifunguka polepole kutoka juu kwenda chini, huku dakika zako zikihesabiwa. Faiba ikabadilisha hayo. Kutoka Mombasa nyuzi zilipanda bara kwa njia ile ile ambayo kila kitu hupandia. Ukishapita Voi na Tsavo unaingia Mtito Andei, kisha Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Yaani kabla ya kuigusa Nairobi, mwanga huo unaikata Makueni kutoka ncha moja hadi nyingine. Kitui, jirani yake, inabaki pembeni ikitazama.

Ninachotaka kusimulia hapa ni historia ya kitu kidogo sana: pigo la mwanga. Kwa miaka sitini hivi wanafizikia wamekuwa wakishindana kufanya mambo mawili. La kwanza, kufupisha pigo la leza mpaka lidumu muda usiowazika. La pili, kufanya mapigo ya mashine mbili au mia yaende kwa saa moja, bila hata moja kutangulia. Kila nikiisoma historia hiyo naona kitu ambacho Ukambani inakijua kitambo: nguvu kubwa hutokana na kupiga pamoja, na anayeshika saa ndiye anayeamua "pamoja" ni lini.

Ujumbe uliokaa mlangoni

Tuanze na wakati ujumbe ulitembea kwa miguu. Novemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akaelekea Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu pwani. Safari ilichukua wiki kadhaa. Tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui, mawingu yalifunguka na Krapf akaona vilele vyenye theluji. Jina la mlima alilolisikia kwa wenyeji wake ndilo lililozaa jina lililo kwenye kitambulisho chako.

Kivoi hakuhitaji kuambiwa kwamba mlima upo. London ndiyo iliyohitaji, na London ilikataa. Wataalamu wa jiografia waliokuwa hawajawahi kukanyaga huku, William Desborough Cooley akiwa mstari wa mbele, walisema theluji karibu na ikweta ni ndoto ya mtu mwenye homa. Ni mpaka 1883, Joseph Thomson alipouona mlima kwa macho yake, ndipo ubishi ukaisha. Hesabu mwenyewe: ujumbe ulitoka Kitui, ukatembea hadi pwani, ukapanda meli, ukafika, halafu ukakaa mlangoni miaka 34 ukingoja kufunguliwa. Umbali ulichelewesha ujumbe kwa miezi tu. Miaka mingine yote ni ya mlango.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Ziwa Victoria 1901. Wakamba husimulia kwamba nabii Syokimau alikuwa ameliona mapema joka refu likitambaa nchini, na watu wa rangi ya ajabu wakibeba moto mifukoni. Joka ni reli, moto ni kiberiti. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa. Katika simulizi nilizosikia mimi, hakuna anayeutaja waya wa telegrafu uliokwenda sambamba na reli. Na bila huo waya, joka lisingetambaa.

Sababu ni hii. Reli ilikuwa ya njia moja. Treni inayopanda na inayoshuka haziwezi kupishana ila stesheni. Kwa hiyo mtu wa Kibwezi ni lazima amuulize mtu wa Makindu kama njia iko wazi, na jibu lazima lifike haraka kuliko treni. Tena saa zao mbili ni lazima zikubaliane. Hapo zamani kila mji ulikuwa na adhuhuri yake. Jua hutangulia Mombasa kwa takriban dakika 20 kabla ya kufika kimo kile kile Kisumu; Kitui hutangulia Nairobi kwa kama dakika tano. Kwa mkulima, dakika tano si kitu. Kwa madereva wawili wanaoelekeana kwenye reli moja, dakika tano ni maiti.

Basi ikawekwa saa moja kwa wote. Sisi tukaendelea kuhesabu kuanzia alfajiri, ratiba ikasema 6:00 nasi tukasema saa kumi na mbili, na mambo yakaenda kwa sababu nukta ni ile ile hata majina yakitofautiana. Kwa miaka kadhaa ya ukoloni, saa rasmi ya Kenya iliitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Ndiyo, na robo tatu juu! Mtu aliketi ofisini akaamua adhuhuri ya nchi nzima iwe lini, nchi ikafuata.

Kitui reli haikuifikia. Mji ambao misafara yake ilikuwa ikienda pwani na kurudi kabla ya Nairobi kuwepo ukajikuta nje ya saa mpya.

Kioo, na vituo vya maji

Sasa turuke hadi 1960. Tarehe 16 Mei mwaka huo, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California, akitumia kijiti cha rubi. Mwaka uliofuata, Elias Snitzer wa kampuni ya American Optical akafanya jambo ambalo watu wengi hawakuliona maana kwa muda mrefu: aliifanya leza ndani ya uzi wa kioo. Badala ya kuuacha uzi uwe bomba la kupitishia mwanga tu, aliutia chembe za neodimiamu ili uzi wenyewe uzae mwanga. Hiyo ndiyo leza ya faiba, na ni ya zamani karibu sawa na leza yenyewe.

Tatizo lilikuwa kioo. Kioo cha wakati ule kilimeza mwanga. Mwaka 1966, Kao na mwenzake George Hockham, wakifanya kazi Harlow, Uingereza, waliandika kwamba kosa si la kioo bali ni la uchafu ulio ndani yake. Kikisafishwa, mwanga utafika. Mwaka 1970 wanasayansi watatu wa Corning, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, wakatoa uzi uliothibitisha hivyo.

Kioo cha faiba cha leo ni safi kiasi kwamba mwanga husafiri kilomita 15 ndipo upungue kwa nusu. Inaonekana ajabu, mpaka uipige hesabu kwenye Mombasa Road. Kilomita 15, nusu. Kilomita 30, robo. Kilomita 100, imebaki asilimia moja. Mwanga ungetoka Mombasa hadi Nairobi bila msaada, kilomita kama 480, ingefika sehemu moja katika bilioni nne. Lazima ulishwe njiani.

Treni ya mvuke nayo ilikuwa hivyo. Haikuweza kwenda Nairobi kwa pumzi moja. Ilihitaji maji, na miji kama Makindu ilikua kwa sababu treni ilisimama hapo. Kwenye faiba, kituo cha maji ni elementi inayoitwa ebiamu. Mwaka 1987 kikundi cha David Payne katika Chuo Kikuu cha Southampton, na Emmanuel Desurvire na wenzake huko Bell Labs, Marekani, walionyesha kwamba ukitia ebiamu kidogo kwenye uzi wa kioo na kuumulikia kwa leza ndogo ya pembeni, ebiamu hushiba nishati. Ujumbe ukipita, ebiamu humwaga nishati hiyo kama mwanga wa aina ile ile, kwa mwelekeo ule ule. Ujumbe huingia ukiwa hoi na kutoka ukiwa na nguvu. Na bahati iliyoje: rangi ya mwanga ambayo ebiamu huikuza ndiyo ile ile ambayo kioo huipitisha vizuri kuliko zote.

Katika barabara ndefu za faiba vituo hivyo hukaa kila baada ya kilomita 80 hivi au 100. Sasa chukua mita chache za uzi huo wa ebiamu, uunganishe mwisho na mwanzo uwe duara. Mwanga utazunguka, utakuzwa, utazunguka tena. Umetengeneza leza ya faiba. Imebaki kuifundisha kupiga.

Mwethya

Hapa vitabu vingi huleta milinganyo. Mimi nitakuleta Mbooni.

Chukulia watu hamsini wa mwethya wanachimba mitaro ya fanya juu kwenye mteremko. Mwethya, kwa asiyejua, ni kikundi cha majirani kinachofanya kazi kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu. Kila mtu anainua jembe kwa mwendo wake. Ukisimama ng'ambo ya bonde unasikia mchakacho usioisha. Halafu mama mmoja anaanzisha wimbo. Majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja. Kimya, ndu! Kimya, ndu! Jasho halijaongezeka. Lakini mchakacho umegeuka kuwa mapigo, na kila pigo lina uzito wa majembe hamsini.

Leza ya kawaida ni ule mchakacho. Ndani ya duara la kioo hakuzunguki wimbi moja. Yanazunguka maelfu, kila moja na rangi inayotofautiana kidogo sana na ya jirani yake. Yakiachwa, kila moja linapanda na kushuka kivyake, na kinachotoka ni mwanga mtulivu usio na mdundo. Yakifungwa pamoja, yote yanafika kileleni kwa nukta moja, na mwanga wote unakusanyika kwenye pigo moja linalozunguka duara. Mfano wa majembe unapungukiwa mahali pamoja, na ndipo patamu. Majembe yalienda kwa mwendo mmoja. Mawimbi haya kila moja lina mwendo wake. Kwa hiyo hukutana kwa nukta tu, halafu hutawanyika, halafu hukutana tena mzunguko ukikamilika. Kadiri rangi zinavyokuwa nyingi na tofauti, ndivyo nukta ya kukutana inavyokuwa fupi. Pigo fupi linatoka kwa watu wasiofanana waliokubaliana mahali pamoja tu.

Fupi kiasi gani? Kipimo ni femtosekunde: gawanya sekunde kwa milioni, gawanya jibu kwa milioni, halafu kwa elfu. Mwanga, ambao kwa sekunde moja huweza kuizunguka dunia mara saba na zaidi, kwa femtosekunde 100 husogea mikromita 30, chini ya upana wa unywele. Duara la mita tano hutoa mapigo kama milioni 40 kwa sekunde. Tukilirefusha pigo la femtosekunde 100 liwe sekunde moja, basi kutoka pigo moja hadi jingine ungengoja karibu siku tatu. Na kwa sababu nishati yote imebanwa humo, leza yenye wastani wa wati 0.1, dhaifu kuliko balbu yoyote nyumbani kwako, hufika wati 25,000 kwenye kilele cha pigo. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hapa kidole ni kile kile; kilichobadilika ni wakati.

Nani anaanzisha wimbo? Hili ndilo swali lililoigawa historia ya leza hizi sehemu mbili. Mwaka 1964, Hargrove, Fork na Pollack wa Bell Labs walitumia mlango unaofunguliwa na saa ya nje: mlango unafunguka, unafungika, na mwanga unalazimika kujipanga ili upite. Njia hiyo inafanya kazi mpaka leo. Lakini mlango wa nje una kasi yake ya mwisho, na pigo haliwezi kuwa fupi sana kuliko mkono unaolifungulia.

Njia ya pili haina mpiga filimbi. Unaweka ndani ya leza kitu kinachozuia mwanga hafifu na kupitisha mwanga mkali. Mwanzoni ni fujo tupu. Kisha kwa bahati mawimbi machache yanaangukiana, yanatengeneza mwinuko mdogo, na mwinuko huo unapita mlangoni kwa urahisi kuliko wengine. Mzunguko unaofuata umekuwa mkubwa kidogo, unapita kwa urahisi zaidi. Baada ya mizunguko mingi, pigo limejijenga lenyewe na ndilo linalojifungulia mlango. Mapigo mafupi zaidi yalitoka huku, kwenye njia ya hiari.

Nisamehe nikitoka nje ya maabara kidogo, kwa sababu Ukambani imepitia milango yote miwili. Katika miaka ya ukoloni kazi ya pamoja ilifanywa amri: chifu akipuliza, unaenda kuchimba mitaro, utake usitake. Watu waliichukia. Walipojifunga wenyewe, tuliona tofauti. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa kisingizio cha kuokoa udongo, Muindi Mbingu na Ukamba Members Association waliwaongoza maelfu ya Wakamba kutoka Machakos hadi Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma kuhusu ng'ombe. Na baada ya uhuru, amri zilipoondoka, mitaro haikufa. Iliongezeka. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 1994, wakichunguza ile Machakos ya zamani ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake. Vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, viligeuza miteremko iliyokuwa imekatiwa tamaa.

Wimbi lisilochoka

Kulizaa pigo ni kazi moja; kulilinda ni nyingine. Ndani ya kioo, rangi mbalimbali husafiri kwa kasi tofauti kidogo, kwa hiyo pigo huanza kutanuka kama msafara ambao vijana wametangulia na wazee wamebaki nyuma. Dawa ilionekana kwanza kwenye maji. Mwaka 1834, mhandisi John Scott Russell alikuwa kando ya mfereji karibu na Edinburgh, mashua iliposimama ghafla na wimbi moja likachomoka mbele yake, likaendelea na safari bila kuvunjika. Alilifuata kwa farasi. Leo wimbi la namna hiyo linaitwa solitoni.

Mwaka 1973, Akira Hasegawa na Frederick Tappert walionyesha kwa hesabu kwamba hata mwanga ndani ya faiba unaweza kuwa solitoni. Pigo likiwa kali vya kutosha, hukibadilisha kioo linapopita, na badiliko hilo huwazuia vijana na kuwasukuma wazee mpaka msafara ubaki pamoja. Mwaka 1980, Linn Mollenauer, Roger Stolen na James Gordon wakaliona kwa vifaa. Na mwaka 1993, huko MIT, Tamura, Ippen, Haus na Nelson wakaripoti leza ya duara la faiba inayotoa mapigo ya femtosekunde 77. Mlango wao ulikuwa kioo chenyewe: mwanga mkali huzungusha mkao wake unaposafiri, mwanga hafifu hauwezi, na kichujio kinampitisha aliyezunguka.

Kitu kilichokuwa kikihitaji chumba kizima cha vioo na watu wa kuvirekebisha usiku kucha kikaingia kwenye kisanduku.

Pigo la kazi gani?

Mwafrika wa kwanza kupata Nobel ya sayansi kwa kazi ya mapigo haya ni Ahmed Zewail, aliyezaliwa Damanhur, Misri. Alishinda ile ya kemia mwaka 1999. Alitumia mapigo ya femtosekunde kama kamera: pigo la kwanza linaanzisha mmenyuko, la pili linafika baada ya muda uliopimwa na kupiga picha. Akaziona molekuli zikiachana, jambo ambalo kabla yake lilikuwa la kukisia. Ona kwamba pigo fupi peke yake lisingemsaidia. Alihitaji mawili, na ajue kwa hakika la pili limechelewa kiasi gani.

Hapo ndipo tunafika kwenye kuoanisha. Mapigo ya leza yakifuatana kwa nafasi sawasawa, yanakuwa saa yenye milio mamilioni kwa sekunde. John Hall na Theodor Hänsch walipewa Nobel ya 2005 kwa sehemu kwa kuifanya saa hiyo iwe rula ya kupimia rangi za mwanga. Na saa hiyo inaweza kusafirishwa. Karibu na Hamburg kuna mashine ya miale ya eksirei, European XFEL, yenye urefu wa kilomita 3.4. Vifaa vyake vimetapakaa urefu wote huo na lazima vipige kwa pamoja. Leza moja hutuma mapigo mafupi kupitia faiba hadi kila kituo, na sehemu ya mapigo hurudishwa nyumbani yalinganishwe na mapya. Kioo kikipata joto hurefuka, pigo huchelewa. Kifaa kidogo kinauvuta au kuulegeza uzi mpaka mapigo yakutane tena. Kosa la femtosekunde moja ni urefu wa mikromita 0.2 ya kioo. Wanalipata, wanalirekebisha, saa zote 24.

Na Kenya je? Tuko ndani zaidi ya tunavyodhani. Kenya ni mmoja wa washirika wa Kiafrika wa SKA, darubini ya mawimbi ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia, ambayo vyungu vyake vingi hupata saa kwa njia ya faiba ili visikilize anga kama sikio moja. Tangu 1991 kuna mtandao wa wanafizikia wa leza wa Afrika, LAM, wenye makao Dakar. Na pale Malili, Makueni, serikali ilianza kujenga mji wa Konza mwaka 2013, ukiwa na kituo cha data cha taifa. Kompyuta za kituo kama hicho nazo hulazimika kukubaliana saa ngapi, la sivyo hazijui malipo gani ya M-Pesa yametangulia. Mtu wa Kibwezi na mtu wa Makindu bado wanaulizana kama njia iko wazi. Wamebadilisha tu waya.

Njia si kituo

Hata hivyo sitaki kukudanganya kwa picha nzuri. Kati ya Mtito Andei na Sultan Hamud, ujumbe mwingi unaopita chini ya ardhi hauulizi jina la mahali. Hivyo ndivyo telegrafu ilivyokuwa. Mradi wa serikali wa NOFBI ulipania kufikisha faiba hadi makao makuu ya kaunti, Kitui na Wote zikiwemo, na kwa mwanga wenyewe safari ya kutoka Nairobi hadi Kitui huchukua chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kutoka kwenye hiyo ofisi ya kaunti mpaka shule ya kule Mutha, hesabu ya mwanga haisaidii tena. Umbali uliobaki ni ule wa mlango, ule wa miaka 34.

Na kuna mlango mwingine. Kitabu cha fizikia cha Form Three kinaitaja faiba: mwanga unagonga ukuta wa kioo, unarudi ndani, maliza zoezi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na mengi ya haya niliyoandika niliyasoma mwenyewe kwa bundles, jambo ambalo lina utani wake: mwanga ulinifundisha habari za mwanga. Lakini sijawahi kuona pigo la femtosekunde likitolewa, na wengi niliosoma nao, hata waliomaliza, hawajaona.

Si lazima iwe hivyo. Kati ya mashine zote za mapigo mafupi, duara la faiba ndilo lililo nyenyekevu zaidi. Mita chache za uzi wa ebiamu. Leza ndogo ya kuulisha. Kiungo cha kuingiza mwanga na cha kuutoa. Kizuizi cha kuufanya mwanga uzunguke upande mmoja. Vishikio vya kuupinda uzi ili mlango ukae sawa. Vyote vinatosha juu ya meza moja, na kazi ngumu ni subira: unapinda uzi kidogo, unatazama skrini, unaona mchakacho, unapinda tena, mchakacho, halafu ghafla mstari unasimama na mapigo yanaanza kufuatana. Kitui ina chuo kikuu pale Kwa Vonza. Konza ina kiwanja na umeme. Na kwenye miteremko ya Mbooni bado kuna akina mama wasiohitaji kuelezwa mara mbili kwa nini majembe hamsini yakishuka pamoja si sawa na majembe hamsini.